Picha Niliyoitoa kwa Mdomo

Enzi zetu picha ilipatikana kwa meno. Hukuiagiza, wala hukuletewa ndani ya bahasha kutoka ng'ambo. Uliitafunia. Ulikwenda dukani kwa Bwana Salimini, pale kwetu Mambrui, ukachukua chingamu moja ya waridi, ngumu kama kigae, na ndani ya karatasi yake mlikuwa na kijipicha cha kadibodi: lori, basi, au pikipiki yenye kigari cha ubavuni. Ulitafuna mpaka taya zikakuuma, halafu jioni mama akuulize kwa nini wali unakushinda, nawe huwezi kumwambia kwamba mdomo umeshachoka tangu mchana.

"Umetafuna mpira tena," mama alikuwa akisema. "Siku moja matumbo yatagandana, tukubebe kama furushi."

Hayakugandana. Nimefika umri huu na bado yanafanya kazi, tena kupita kiasi, muulizeni mke wangu.

Wa rika langu watakumbuka mchezo wa kupuliza. Mlipanga picha kifudifudi kwenye sakafu ya baraza, mkachuchumaa duara, na mwenye zamu akavuta pumzi hadi mbavu zikahesabika, halafu akapuliza kwa nguvu zake zote. Zilizogeuka ni zake. Mimi nilikuwa bingwa wa mtaa, si kwa ufundi, bali kwa sababu meno yangu mawili ya mbele yalikuwa yamedondoka na mapya hayakuwa na haraka, basi upepo ulipata mlango. Yalipoota, ubingwa ukaisha, na tangu hapo sijawahi kuwa bingwa wa kitu chochote. Siku hizi hata chai naisubiri ipoe yenyewe.

Picha zetu zilikuwa chafu, na uchafu ndio uliokuwa heshima yake. Zilinukia chingamu, mafuta ya mahamri, vumbi la chuo cha Kurani na jasho la mifuko ya kaptura. Mtoto mwenye picha safi tulimwonea huruma, maana ilionyesha hana wa kucheza naye.

Mshirika wangu alikuwa Kitsao. Kwao walilima mahindi na mihogo nyuma ya Mambrui, lakini skuli tulikuwa moja, dawati moja, na mara nyingi adhabu moja. Alikuja asubuhi na muhogo wa kuchoma mfukoni, mimi nikaja na hamri nililoliiba jikoni, tukabadilishana njiani. Alipenda kula Kiswahili na mimi nilipenda kula shamba. Chingamu tulinunua kwa shirika na tukaigawa kwa meno.

Ndani ya moja ya chingamu hizo tukaipata picha ambayo skuli nzima ilikuwa ikiiota: gari la moshi. Hakuna aliyeipata kabla yetu. Hakuna kati yetu aliyewahi hata kuliona gari la moshi lenyewe. Huku kwetu reli haikufika. Lilikuwa jeusi, lina bomba juu na moshi mweupe unarudi nyuma. Kitsao alisema hilo ni jiko lililotiwa magurudumu. Mimi nilisema ni meli iliyopotea njia. Tulibishana kutoka dukani mpaka kisimani, na tulipofika kisimani tukaanza kubishana jambo zito zaidi: picha ni ya nani?

Suluhisho lilikuwa la Kitsao. Aling'ata pembe moja ya picha, nami nikang'ata pembe ya pili. Pembe mbili, meno mawili, wenyewe wawili. Na kwa kuwa haigawiki, tukaweka zamu: Idd ananiletea mimi, Krismasi nampelekea yeye.

Zamu hiyo haijakatika mpaka leo. Tulimaliza skuli, tukaoa, tukaota mvi, picha inakwenda na kurudi. Kitsao alifanya kazi Mariakani kwa muda, akayaona magari ya moshi kwa macho yake, na aliporudi nikamuuliza yakoje. Akafikiri kidogo. "Madogo kuliko letu," akasema. Baadaye akahamia Matsangoni, kwenye mikorosho ya wakwe zake.

Hapa niseme ukweli, maana Kitsao atasomewa haya. Mimi ni mtu wa nyumbani. Nikivuka daraja la Sabaki kwenda Malindi tu najiona nimehamia nchi za watu. Kwa hivyo Idd Kitsao alikuja kuileta picha, na Krismasi, ambapo ilikuwa niende mimi, alikuja kuichukua. Kila mwaka nilikuwa na sababu. Mwaka mmoja nilisema mbuzi anakaribia kuzaa. Mbuzi mwenyewe alikuwa dume.

Kuna jambo jingine la enzi zetu lazima nilieleze, kwani ndilo lililoniponza. Katika nyumba zetu, mtu akikisifu kitu chako, ulimwambia, "Karibu, ni yako." Naye akajibu, "Ahsante, imepata mwenyewe." Basi. Kitu kilibaki pale pale. Nilipokuwa mdogo alikuja mgeni akalisifu birika la shaba la mama, mama akamwambia karibu, ni yako. Mimi mtoto mtiifu nikalichukua, nikamfuata mgeni nalo mpaka njiani, chai inamwagika. Nilirudishwa kwa sikio.

"Karibu inatoka mdomoni," mama alinifunza siku hiyo. "Mwenzio atasema ahsante. Kila mtu atakwenda na chake, na hakuna jicho la husuda lililobaki."

Nikaelewa. Nilidhani dunia nzima imeelewa.

Sasa njoo Desemba hii iliyopita. Mpwa wangu Zuhura, mtoto wa dada yangu, anasomea mambo ya kompyuta Mombasa, na akija likizo kazi yake ni kunitoa nyumbani. Akanikuta barazani na kopo langu la biskuti, naangalia picha zangu. Akaniambia Malindi kuna maonyesho mwisho wa wiki, watu wanakuja na kadi zao na vitu vya kukusanya, wanaonyeshana na kubadilishana.

"Mjomba, twende. Utakutana na wenzako."

Hilo neno, wenzako, ndilo lililonidanganya. Nikaona baraza, nikaona watu wazima wamechuchumaa duara wanapuliza. Nikavaa kanzu, nikalitia kopo kwapani.

Jamani. Mlangoni nilifungwa utepe wa karatasi mkononi kama mbuzi wa mnada. Ukumbi wa hoteli ulikuwa baridi ya kuhifadhia samaki, muziki unapiga kifuani, na kila meza ina kijana aliyevaa glavu nyeupe, ameinama juu ya kadi kama daktari. Kadi zenyewe ni za madubwana yenye mabawa na macho ya kung'aa, kila moja imo ndani ya plastiki, na plastiki imo ndani ya plastiki nyingine. Mmoja alikuwa amevaa kinyago cha dubwana kichwa kizima na anajaribu kula viazi vya karai kupitia tundu la pua. Mwingine alinionyesha kwa fahari pakiti ambayo hajaifungua.

"Ndani mna nini?" nikamuuliza.

"Sijui, mzee. Nikifungua inaharibika."

"Sasa hizi mnazichezaje?"

"Hatuchezi. Tunaweka."

"Mnaziweka mpaka lini?"

Akanitazama kama niliyemuuliza habari za Kiama. Nikaomba kiti. Sisi tulitafuna mpaka taya zikalegea tuone kilichomo, hawa wanacho na hawataki kujua. Nilimwambia Zuhura turudi nyumbani, akaniambia tumefika sasa hivi tu.

Ndipo tukafika kwenye meza ya Kelvin. Kijana wa Mtwapa, mrefu, mpole, ana kofia nyekundu na kioo cha kukuzia. Zuhura akafungua kopo langu bila ruhusa. Kelvin akachokorachokora kwa adabu, mara akasimama. Alikuwa ameliona gari la moshi.

"Mzee," akasema taratibu, "hii umeitoa wapi? Sijawahi kuiona popote. Hii ni kali sana."

Hakusema mashallah, nikaisema mimi kimoyomoyo kwa niaba yake. Halafu mdomo wangu, uliofunzwa na mama, ukafanya kazi yake bila kunishauri.

"Karibu, mwanangu. Ni yako."

"Kweli, mzee?"

Hapo ndipo mtu mwenye akili angekohoa. Lakini kwetu kurudi nyuma hapo ni ubahili, na mimi naweza kuvumilia kuitwa mvivu, siyo bahili.

"Kweli kabisa," nikasema. "Tena kwa moyo mkunjufu."

Nikangojea jibu langu. Ahsante, imepata mwenyewe. Maneno machache tu, hata mtoto wa chuoni anayajua.

"Asante sana, mzee," akasema Kelvin. "Mungu akubariki." Akaichukua. Kwa mikono miwili, nisiseme hana adabu. Akaitia kwenye plastiki, plastiki akaitia kwenye kijisanduku kigumu cha kioo, akakibana. Nilisimama pale kama mtu anayetazama jamaa yake akikafiniwa.

"Mjomba," Zuhura akaninong'oneza, "umempa?"

"Sikumpa. Nimemkaribisha."

"Ameichukua."

"Naona."

"Basi mwambie airudishe."

"Nimwambie nini? Kwamba nilikuwa nasema tu?"

"Si ulikuwa unasema tu?"

"Zuhura, bibi yako alinivuta sikio kwa ajili ya mambo haya."

"Na bibi ndiye aliyekufunza kugawa vitu vya watu?"

Hilo liliingia. Maana picha haikuwa yangu, ilikuwa nusu yangu. Krismasi ilikuwa imekaribia, na Kitsao, ambaye kila mwaka ananisamehe mbuzi wangu, angekuja kuchukua zamu yake. Angekaa kwenye mkeka wangu na kunyoosha mkono, na mimi ningemwekea nini? Nikatoka nje kwenye jua, nikampigia simu.

"Niko Malindi," nikasema.

"Wewe? Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa. Kitsao, picha nimeitoa."

Nilisikia kuku wake.

"Umeitoa vipi, Abdala?"

"Kijana aliisifu."

"Ukamwambia karibu."

"Nikamwambia."

"Akachukua."

"Kwa mikono miwili."

Nikajua anauma mdomo asicheke, na pia kwamba si kicheko tu alichokuwa akikizuia. "Rudi ndani," akasema. "Kisifu chake, naye akwambie karibu. Umwombe hiyo hiyo. Mimi nakuja."

Nikarudi kwenye ile baridi. Nikamwambia Kelvin kofia yake nzuri, mashallah. Akasema asante, mzee, niliinunua Mtwapa. Nikasifu viatu. Asante, mzee. Nikasifu kioo cha kukuzia, nikasifu meza, nikasifu mpaka kiti alichokalia, ambacho kilikuwa cha hoteli. Asante, asante, asante. Mwisho nikaona potelea mbali, nikaisifu picha yenyewe: "Hilo gari la moshi limependeza hapo."

"Sana," akasema Kelvin. "Mzee, wewe una roho safi. Watu kama wewe wameisha."

Nikaenda kukaa. Zuhura alikuwa amegeukia ukutani, mabega yanamtikisika.

Mambo yakazidi kuharibika. Akaja bwana mmoja mwenye ndevu, mgeni wa kutoka bara, na begi lililojaa kadi za kung'aa. Akalitazama gari la moshi muda mrefu. "Hizi pembe mbili je?"

"Panya," akasema Kelvin. "Lakini ni moja tu, hakuna nyingine."

Yule bwana akaanza kupanga kadi zake mezani, moja baada ya nyingine, kama anayetandika mahari, na macho ya Kelvin yakawa yanazifuata. Nilifungua mdomo niseme. Nawaapia niliufungua. Lakini mdomo unaotoa karibu kwa wepesi vile ukawa mgumu kama mlango wa msimu wa mvua. Zuhura akanisukuma kwa kiwiko. Nikaufunga.

"Abdala ameketi," ikasema sauti nyuma yangu. "Hata huku amepata pa kuketi."

Kitsao alikuwa amekuja na shati lake la shamba, kofia ya ukili kichwani, na karatasi ya mkononi ameivaa kidoleni maana mkono wake ni mnene. Hakunipa mkono. Alikwenda moja kwa moja mezani.

"Shikamoo," Kelvin akamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Hizo pembe umesema zimeliwa na nani?"

"Panya, mzee."

Kitsao akafungua mdomo, akamwonyesha meno ya mbele. "Panya wa upande huu ni mimi. Wa upande ule ni yule pale anayejificha nyuma ya mpwa wake."

Kelvin akachukua kioo chake cha kukuzia. Akaiangalia pembe ya kwanza, akayaangalia meno ya Kitsao. Akaiangalia pembe ya pili, akanijia mimi, nikalazimika kufungua mdomo mbele ya hadhara, katika kanzu. Kisha Kitsao akamweleza yote: chingamu, kisima, Idd na Krismasi. Kijana akasikiliza mpaka mwisho, kijisanduku kifuani.

"Lakini mzee alinipa," akasema polepole. "Sikumwomba. Alisema mara mbili."

"Najua. Hajui kusema mara moja."

"Kwa hivyo nimrudishie?"

Nikalisogeza kopo langu.

"Umrudishie kwa nini?" akasema Kitsao. "Amekupa nusu yake kwa mdomo wake, mbele ya watu. Ni halali yako. Lakini nusu yangu hakuwa na ruhusa nayo, iko palepale. Basi kuanzia leo mshirika wangu ni wewe. Krismasi utaniletea Matsangoni. Idd utakuja kuichukua."

"Na mimi?" nikauliza.

"Ulisema kweli kabisa?"

"Nilisema."

"Na moyo mkunjufu?"

Nikalifunga kopo langu.

"Basi wewe humo," akasema Kitsao.

Yule bwana wa ndevu akauliza kama mpango bado upo. Kelvin akazitazama zile kadi za kung'aa, akamtazama Kitsao, akasema samahani, kaka, kumbe nusu si yangu. Akazirudisha mwenyewe begini moja moja, kwa glavu. Nilitaka kumchukia, hapo ikawa vigumu.

"Na pembe ya tatu utaing'ata lini?" Kitsao akamuuliza.

Kelvin akakikumbatia kijisanduku. "Mzee, tafadhali."

Nikarudi Mambrui nimekasirika na watu wote: hoteli, madubwana, mama yangu aliyenifunza nusu ya dunia akaacha nyingine. Nilimwambia mke wangu sitoki tena nyumbani. Akasema hiyo si habari.

Ikafika Krismasi. Asubuhi nilikaa barazani, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyekuwa anakuja. Sikuwa na picha ya mtu kuja kuichukua. Nikapanga viatu. Nikavipangua. Adhuhuri ilipopita nikamwambia mke wangu natoka kidogo, akauliza hadi wapi, nikasema Matsangoni, akakaa chini.

Nilimkuta Kitsao uani kwake chini ya mkorosho, watoto wamejaa, kuku wa nazi anatokota, na Kelvin kwenye mkeka, bila glavu, anamenya muhogo kama asiyeuzoea. Kitsao alinitazama nikivuka ua, akatazama saa ya mkononi ambayo haifanyi kazi tangu zamani.

"Mbuzi kazaa?" akauliza.

"Pacha," nikasema.

Picha ilikuwa mkekani, kati yao, nje ya plastiki. Nikaiinamia. Alama ya chai, ile niliyoimwaga darasa la nne. Moshi mweupe unaorudi nyuma. Na pembe ya tatu ilikuwa na kidoa kidogo cha jino, cha woga, cha mtu aliyeng'ata huku amefumba macho.

Enzi zetu kitu kilikuwa chetu kwa sababu kilipita mikononi mwetu sote kikachakaa. Siku hizi kitu ni chako kwa sababu hakuna aliyekigusa. Nimelalamika hilo mwezi mzima, mke wangu ni shahidi, na nitaendelea kulalamika. Lakini pale mkekani nilitaka kitu kimoja tu, niishike.

"Picha nzuri hii, mashallah," nikasema.

Kelvin akaacha muhogo. Akamtazama Kitsao, Kitsao akajitia anakoroga nyama. Kijana akainua picha kwa mikono miwili, akaninyooshea.

"Karibu, mzee," akasema. "Ni yako."

Nilimtazama usoni. Sikuweza kujua kama inatoka mdomoni tu au inatoka moyoni, na ndipo nilipojua amejifunza vizuri. Vidole vyangu vilikuwa vimeshafika kwenye ile pembe yangu. Nikausikia ule mbonyeo wa meno ambayo sinayo tena.

"Ahsante, mwanangu," nikasema. "Imepata mwenyewe."

Akairudisha mkekani. Kitsao akanipakulia, akanipa paja.